Aliyelizunguka Zulia

Sidonie alikuwa na kisu mkononi na hakuwa na hali. Tangu kulipopambazuka alikuwa akikaa, akisimama, akienda mlangoni kutazama barabara, akirudi kukaa tena, na kazi yenyewe haikusogea. Zulia lilikuwa limetandazwa mbele yake kwenye kibanda cha kusukia, na kazi iliyombakia ilikuwa ndogo mno: kuchomoa kamba moja kwenye pindo kabla gari halijafika. Kamba moja tu. Msichana aliyesuka zulia zima kwa nyuzi za migomba na rafia, tangu kuchuna maganda mpaka kufunga ncha ya mwisho, anashindwaje na kamba moja?

Anashindwa kwa sababu kamba ile ilisokotwa na Tuyisenge.

Hakuna mtu kijijini Kingi asiyemjua Tuyisenge. Ni mtoto wa watu wa ng'ombe, wa malisho ya juu, anayeshuka kila asubuhi kwa pikipiki na bidoni za maziwa. Mwaka uliopita alianza kukawia kwenye kibanda hiki. Mara mvua, mara tairi, mara maji ya kunywa. Sidonie hapendi kuona mtu mzima amekaa bure, basi siku moja akamtupia fungu la nyuzi za mgomba akamwambia asokote. Tuyisenge akasokota juu ya paja lake, kwa mkono wa kushoto, na kamba ikapinda kuelekea upande usio wake. Sidonie alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Lakini alipoilaza kamba ile ubavuni mwa kamba yake mwenyewe, aliinama kuzitazama vizuri. Kamba zake mbili zikikaa pamoja kwenye pindo, zote huvuta upande mmoja na pembe ya zulia hujikunja. Kila msukaji anaijua taabu hiyo. Sasa moja ilivuta huku, nyingine ikavuta kule, na zulia likalala chini likatulia. Kuanzia hapo pindo lote likasukwa kwa mikono ya watu wawili. Anayetaka kucheka na acheke, mapenzi yao yalianzia hapo, kwenye maganda ya migomba, na Sidonie hakuwahi kupenda mtu kama alivyompenda yule kijana.

Na leo zulia hilohilo lilikuwa linakwenda Mpofi, kwa mwanamume mwingine.

"Sido! Haujafunga hiyo tapi?"

Aliyeingia, kidole kikionyesha zulia, alikuwa mama mdogo wake, Brigitte, mdogo wa marehemu mama yake. Huyu huishi Mpofi, kule Walikale, na huleta rafia huku Masisi kwa kuuza. Ni mwanamke mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa, na vyote viwili huchosha.

"Nitafunga, mama mudogo."

"Utafunga lini? Shofere amenipigia simu, Fuso iko inapanda mulima. Jean-Luc amejenga salon ya simenti ya kupokea wageni, kubwa, na chini hamuna kitu. Nilimuambia angojee, mutoto wa dada yangu atakuya na kitu ya mikono yake. Unataka tufike mikono mitupu?"

"Jean-Luc anataka tapi ao anataka mimi?"

Brigitte akacheka. "Anaanza na tapi."

"Mi sijamuona ata kwa foto."

"Utamuona. Iko na magazini, anauzisha vitu, iko na akili, anasali. Na hapa Kingi umebakia na nini? Kila ukienda kuchota maji, wabibi wanakuangalia. Wanasema, huyu njo ule kijana alimuzunguka. Mi ningekuwa weye, ningepanda hiyo Fuso mbele ya kila mutu." Akainama akatazama pindo. "Hii kona umeifanya nini?"

Wakati mama mdogo akiongea, kisu kilikuwa kimefanya kazi chenyewe. Kamba ya Tuyisenge ilikuwa imekatika kwenye pembe moja, shubiri nzima imetoka nje, na pembe ilikuwa tayari imeanza kujinyanyua.

"Sitaki nifike nayo kule," Sidonie alisema. "Nasikia haya kupelekea mutu kamba ya mutu mwingine."

"Basi toa yote, upesi!" Brigitte akatoka kwenda kumhimiza baba mtu.

Sidonie akashika kisu, akakiweka chini, akakishika tena. Alijua kwamba akipanda lile gari hatarudi Kingi ila kama mgeni. Jean-Luc atalitandika zulia, majirani watasifu, baba atapokea ujumbe wa posa, na hapo itakuwa imekwisha. Kila alipofikiria hivyo alitaka kubaki, na kila alipofikiria kubaki, aliwaona wale wanawake wa njia ya maji.

Ndipo akasikia pikipiki.

Kuna pikipiki nyingi Kingi, lakini masikio ya mtu anayependa hayadanganyiki. Alisimama, akakaa, akajichukia kwa kusimama. Mlango ukazibwa na mtu mrefu mwenye koti la mvua.

"Hodi."

"Maziwa tumeshanunua."

"Sikuleta maziwa," Tuyisenge alisema. Alikuwa amekonda. Macho yake yalikwenda kwenye zulia, yakatoka, yakaja kwake na kukaa hapo. "Nimesikia unaenda Mpofi."

"Nani amekuambia?"

"Niko nauzisha maziwa, Sido. Kila mulango iko na maneno yake."

"Na hizo milango zote, hakuna hata moja ilikuambia njia ya kuya hapa? Tangu siku ile mi nangoja. Nikisikia pikipiki yoyote, nasimama. Nimekuwa kama mbwa wa nyumba. Na weye unapita kule barabarani na bidoni zako, haugeuzi ata kichwa!"

"Papa yako alirudisha fromage zetu, zile jibini tulileta juu ya posa. Zote, hakuna ata moja alikata. Mama alizipokea mbele ya majirani. Unajua ile haya?"

"Haya?" Sidonie alisogea mbele, kisu mkononi, mpaka Tuyisenge akakitazama. "Unaniambia mimi juu ya haya? Siku ya présentation, siku mulikuya kujitambulisha kwetu, nilitandika hii tapi kwa mulango mupaka kwa kiti yako. Nilikuwa sijaonyesha mutu. Papa amesimama upande ule na koti yake ya kanisa, na wajomba wote wanaangalia. Weye ukafika kwa mulango, ukasimama. Ukasimama, ukasimama, kisha ukaizunguka. Ulipita kwa ukuta, unashika ukuta, kama mutu anakwepa mavi ya ng'ombe!"

Tuyisenge alitazama zulia, kisha mlango.

"Papa alikuwa anangojea mimi?" aliuliza polepole.

"Alikuwa anangojea nani ingine?"

"Mi nilikuwa nangoja yeye."

Mvua ilikuwa imeanza kugonga bati, nyepesi, isiyo na uamuzi. Sidonie alimtazama usoni akitafuta uongo, maana uongo ungemrahisishia safari. Hakuuona.

"Kwetu," Tuyisenge alisema, "mukeka mupya, mwenye nyumba njo anakanyaga wa kwanza. Akishakanyaga, anakuita, karibu, na weye unafuata. Mugeni akitangulia, amejifanya mwenye nyumba. Niko mutoto mudogo, mama alinichapa juu ya ile, kwa ndoa ya tantine, shangazi yangu, mbele ya batu. Na siku yetu, tuko kwa mulango, akaninong'oneza, chunga miguu yako. Nikachunga. Nilimuangalia Papa miguu. Nikasema sasa atainua, sasa atainua. Hakuinua. Wajomba wakaanza kukohoa. Nikaona afazali nipite pembeni, nisichafue kitu yako."

"Tuyi."

"Nakuambia kweli."

"Kwetu mugeni njo anaanza," Sidonie alisema. "Tapi mupya inatandikiwa mugeni. Akikanyaga, amekubali nyumba na mutoto wa nyumba. Akizunguka..."

"Akizunguka?"

"Amesema hataki. Papa alikuwa anaangalia miguu yako vilevile."

Hasira ya miezi yote ile ilikuwa bado imo kifuani mwa Sidonie, ila sasa haikuwa na mtu wa kumwendea, na hasira ya namna hiyo ndiyo inayosumbua kuliko zote. Akaitafutia pa kwenda.

"Ungeuliza!"

"Ningeuliza nani? Mudomo ulikauka. Na weye ulikuwa umesimama pale na sinia ya chai. Juu ya nini haukusema kitu?"

"Binti anaongeaka siku ile?"

"Na mukwe anaongeaka? Kwa njia tunarudi, mama alilia. Alisema Papa Edmond amekataa kukanyaga, basi hatutaki kwake. Halafu fromage zikarudi, akasema, unaona? Mi nikaamini, Sido. Nilifikiri weye pia umekubali."

"Nikubali nini? Nilikuwa nalala na hii tapi imeviringwa kando yangu kama mutoto!" Alipotambua alichokisema, uso ulimwaka. "Sasa umekuya kufanya nini? Kunielezea tu? Umeshaeleza. Nenda."

Tuyisenge alivua kofia ya pikipiki, na nywele zilikuwa zimemlala upande mmoja kama za mtu aliyetoka kitandani.

"Nimekuya juu nakupenda," alisema. "Nakupenda mupaka ng'ombe zimejua. Nikikamua, namwaga maziwa inje ya ndoo. Ukipanda hiyo gari, mi sitajua kuishi namna gani. Njo maneno yangu, sina ingine."

Wanawake wengine wangemrukia shingoni. Sidonie alitaka, tena sana. Badala yake alitia kisu mfukoni, akainama akaanza kuliviringisha zulia, haraka, vibaya, akilikunjua na kuliviringisha upya.

"Umechelewa," alisema, akiwa amempa mgongo. "Papa ametoa neno. Weye haumujui Papa."

"Huyu anatafuta nini kwangu?"

Papa Edmond alikuwa mlangoni na buti zake za shamba, udongo wa maharagwe mpaka magotini, Brigitte nyuma yake akiwa na mwavuli. Tuyisenge alisogea kando, akainamisha kichwa.

"Papa, shikamoo. Nilikuya kuomba msamaha."

"Papa, sikiliza," Sidonie alidakia, na maneno yakamtoka yakikimbizana: mkeka wa kwao, mama yake Tuyisenge, fimbo ya utotoni, miguu iliyongojana. Papa Edmond alisikiliza mpaka mwisho. Ni mtu anayesikiliza mpaka mwisho, kisha anafanya alichokuwa ameamua mwanzoni.

"Nilisimama pale na koti yangu ya kanisa," alisema hatimaye. "Ukuta nilipaka chokaa asubuhi ile, kwa mikono yangu. Nikaona kijana anashika ukuta yangu. Alitoka hapa na chokaa yangu kwa mukono! Kila siku nikiangalia pale, naona vidole vyake."

"Nitapaka ingine, Papa."

"Nyamaza. Maneno yako inaweza kuwa ya kweli. Sijasema unadanganya. Lakini nimesema kwa watu ya Mpofi, tapi inafika na mutoto anafika nayo. Mi si mutu wa kusema hivi leo, kesho vile. Brigitte, gari iko wapi?"

Honi ikamjibu kutoka barabarani.

Papa Edmond akalichukua zulia, akalifunga kwa kamba, akalitia begani na kuingia mvuani. Brigitte akambebea Sidonie sanduku na kumsukuma mgongoni. Tuyisenge hakubishana na mkubwa, si malezi yake. Alifuata nyuma, kofia mkononi, mvua ikimnyeshea kichwani. Sidonie alitembea katikati yao. Kila hatua alingoja mmoja wao aseme kitu, baba au kijana, yeyote, na wote wawili walikuwa wanaume wa heshima, wamenyamaza.

Fuso ilikuwa imesimama kwenye tope, injini inanguruma, magunia mpaka juu na watu juu ya magunia.

"Pandisheni!" dereva alipiga kelele. "Nikizima hapa, sitatoka!"

Papa Edmond alinyanyua zulia ampe mtu wa juu. Na hapo Sidonie, ambaye asubuhi nzima alishindwa na kamba moja, alikumbuka kwamba kisu bado kiko mfukoni mwake. Aliikamata ncha ya zulia akalivuta. Akaikata kamba ya kufungia. Zulia likaanguka barabarani likajikunjua lenyewe, rafia nyeupe na mistari yake myeusi, juu ya tope la Kingi.

Brigitte alipiga yowe utadhani kaangukiwa na gunia. "Sido! Umepata wazimu? Tapi ya mutu!"

"Tapi yangu," Sidonie alisema. "Bado iko yangu. Papa, kanyaga."

"Mimi?" Papa Edmond alikuwa upande mmoja wa zulia, Tuyisenge upande wa pili. "Mugeni njo anaanzaka."

"Tuyi, kanyaga."

Tuyisenge alivua buti zake haraka, akatazama zulia, akatazama miguu ya mzee. "Kama Papa anatangulia," alisema kwa upole.

Na wakasimama. Mungu wangu, walisimama! Sidonie aliyaona ya siku ile kwa macho yake mwenyewe yakijirudia, mzee anatazama miguu ya kijana, kijana anatazama miguu ya mzee, kila mmoja anampisha mwenzake kwa heshima zake zote, na zulia katikati linakula mvua. Honi ikalia tena. Watu wa juu ya magunia wakaanza kuuliza kuna nini. Dereva akawaambia hata yeye hajui.

Ikamjia Sidonie kwamba hivi ndivyo watakavyokaa mpaka atakapozeeka.

Akakanyaga mwenyewe. Hakuvua hata viatu. Alisimama katikati ya zulia alilolilinda hata na vumbi, viatu vyake vya plastiki vikaacha tope kwenye rafia nyeupe.

"Nyumba sina bado," alisema, "lakini nilichosuka ni changu. Kwenu mwenye nacho anatangulia, Tuyi. Haya, nimetangulia. Kwetu mugeni anakaribishwa kwa tapi mupya. Mi nakukaribisha. Mukitaka kungojana tena, ngojaneni, lakini mimi sisimami na sinia ya chai leo!"

Tuyisenge hakungoja kukaribishwa mara ya pili. Aliweka mguu mtupu kwenye pindo, pale pembe ilipokuwa imejinyanyua, akaweka na wa pili.

Kila mtu akamgeukia Papa Edmond. Mzee alitazama nyayo za tope. Alizitazama kwa muda mrefu kama mtu anayekagua shamba baada ya mvua ya mawe. Baba akisema panda, atapanda. Hilo Sidonie alilijua, na ndilo lililomtisha.

"Brigitte," Papa Edmond alisema. "Mi niliahidi watu ya Mpofi tapi safi?"

"Safi kabisa! Uliniambia kwa simu, safi, mupya!"

"Hii iko safi?"

Brigitte alitazama zulia, akamtazama binti wa dada yake, akatazama miguu mitupu ya yule kijana. Mdomo wake ulipinda kama anataka kulia au kucheka.

"Hapana," alisema kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua kuwa anayo. "Hii haiwezi kuingia salon ya mutu."

"Basi siwezi kutuma kitu chafu. Muambie Jean-Luc, Edmond anaomba msamaha, tapi iliangukia njia." Akamgeukia Tuyisenge, uso bado umekunjwa. "Na weye, mama yako namuona lini? Nataka anielezee yeye mwenyewe hiyo mambo ya miguu. Na chokaa utaleta."

"Kesho, Papa. Ata leo."

"Kesho. Leo nimelowana." Papa Edmond alianza kuondoka, kisha akarudi. Aliinua buti moja la shamba, akaligusisha pembeni kabisa mwa zulia, kidogo tu, kama anayejaribu maji ya moto, akaliondoa na kwenda zake.

Brigitte alimkumbatia Sidonie kwa nguvu, akamnong'oneza kwamba Jean-Luc hata hivyo ana tumbo, akapanda. Fuso ikang'oka kwenye tope ikayumba mpaka ikapotea kwenye kona, na barabara ikabaki na wale wawili, sanduku, na zulia lililoharibika.

"Inalowana," Tuyisenge alisema. "Ngoja nitoke tuibebe." Akanyanyua mguu, na pembe iliyokatwa kamba ikaanza kujinyanyua tena.

Sidonie alimshika mkono wa kushoto kwa mikono yake yote miwili.

"Usitoke apo," alisema. "Ukitoka, inajikunja."